Jina la Mdomoni

Mimi ni Mechthild Poggenstroot. Ukienda ofisi ya wilaya ukaulizia jina hilo, watakuambia mtu huyo hayupo, na watakuwa wanasema kweli, na mimi sijali. Uliza kwa muuza mbegu, uliza kanisani, uliza kwenye kiwanda cha maziwa. Wote watakuonyesha kwa kidole nyumba yetu, ile yenye mialoni kumi na minne, ng'ambo ya mfereji. Kwetu huku Ujerumani, kwenye nchi tambarare ya Münster, jina ni la shamba. Watu hulivaa tu wakiwa hai. Zamani mwanamume akioa binti mwenye shamba, aliliacha jina lake langoni pamoja na viatu vya tope, akaingia ndani na jina la nyumba. Kisha wakaja Waprussia kututawala, na madaftari yao, wakasema basi, kuanzia leo jina ni lile lililoandikwa na halibadiliki. Tukasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Wao wakaandika, sisi tukaendelea kuitana tulivyozoea.

Kwa hiyo huku watu wengi wana majina mawili, moja la karatasi na moja la mdomoni. Jirani yetu wa kwanza ni Terhorst, lakini kwenye kitambulisho ni Niehoff, jambo ambalo yeye mwenyewe hulikumbuka siku ya kupiga kura tu. Baba yangu ni Poggenstroot. Kwenye karatasi ni Alwin Skowranke, na mimi, kwa kuwa sikuolewa, ni Skowranke pia. Sikulipenda jina hilo. Lilinukia ukimbizi, na nilipokuwa msichana nilikuwa na aibu za kijinga. Nilipolazimika kulisaini, nililiandika vibaya makusudi ili lisisomeke.

Poggenstroot, kwa lugha ya bibi zetu, ni kichaka cha majimaji chenye vyura. Hakuna zaidi ya hapo. Mtu wa kwanza kuitwa hivyo aliishi kwenye kinamasi na usiku hakulala kwa kelele. Lakini usimwambie hivyo Daktari Burkhard Poggenstroot wa Düsseldorf, daktari wa meno mstaafu na mwenyekiti wa chama cha ukoo. Yeye anashikilia kwamba tulianza na askari wa farasi mwenye ngao. Ngao yenyewe ameichora yeye, na chura hayumo.

Pamoja na hayo, kazi aliifanya, siwezi kumnyima haki yake. Alipekua vitabu vya simu vya nchi kadhaa, akaandika barua hadi mkono ukamvimba, akawapata watu mia mbili na watatu duniani wenye jina hili. Sitini na mmoja wako huku kwetu, mwendo wa baiskeli. Arobaini na wanne wako kwenye miji ya makaa ya mawe, kwa kuwa shamba hurithiwa na mmoja, na wadogo zake walikwenda kuchimba chini ya ardhi. Sabini na wanane wako Missouri, uzao wa ndugu wawili walioondoka mwaka viazi vilipooza. Kumi na mmoja wako kusini mwa Brazili. Tisa waliobaki wametapakaa, akiwemo mwalimu mmoja wa muziki huko Norway ambaye hajibu barua. Daktari aliwachomeka wote kwenye ramani aliyoigandisha ubaoni, kila mtu na pini yake. Pini za kijani ni za Ujerumani, za buluu ni za ng'ambo, na moja nyekundu, kubwa kama njegere, ilikuwa ya shamba la asili. Hiyo ilikuwa ya baba.

Baba aliingiaje? Kwa kitabu cha simu. Alipoweka simu mwaka wa hamsini na nane, karani wa posta, mtu wa hapa hapa, hakumwuliza jina. Aliandika lile analolijua. Mama alikuwa ameshafariki chama kilipoanzishwa. Daktari alikuja, akamwona mzee kwenye shamba la Poggenstroot, kwenye simu Poggenstroot, majirani wanamwita Poggenstroot, akaandika: Alwin, mtoto wa Heinrich. Heinrich ni babu yangu mzaa mama. Baada ya hapo chama kikawa kinakutana kwenye malisho yetu kila baada ya miaka mitatu, mwezi wa Juni, na mkubwa wa shamba la asili ndiye anayekata kipande cha kwanza cha paja la nguruwe. Baba alikata mara sita. Paja lenyewe alilitengeneza yeye: chumvi, moshi, na miezi kumi ya kuning'inia juu ya jiko. Watu waliokula kwake walirudi makwao wakiwa hawataki tena paja la dukani.

Nieleze na hili, kwa sababu bila hili hutaelewa nilivyokasirika. Baba aliletwa huku mwaka wa arobaini na sita, ana miaka kumi na tisa, ndani ya behewa la ng'ombe kutoka Silesia, nchi ya Wajerumani waliyopewa Wapolandi baada ya vita. Alipangiwa kwenye nyumba ya babu, alale juu ya zizi. Watu walimwita Mpolandi, na neno moja la Kipolandi hakulijua. Alimwoa mama mwaka wa hamsini na moja, na harusini nusu ya viti vilikuwa vitupu. Kisha akachukua koleo akaingia kinamasini. Miaka kumi na mmoja alichimba mifereji kwa mkono, maji yakaondoka, nyasi zikaota, ng'ombe wakaingia. Siku moja katikati ya kazi hiyo mzee Terhorst, baba yake huyu wa sasa, alipaza sauti kutoka ng'ambo: "Poggenstroot! Niletee ngazi!" Baba alitazama nyuma kuona nani anaitwa. Nyuma hakuna mtu. Alipeleka ngazi, akarudi, akakaa kwenye tope akalia. Hilo alinisimulia mara moja tu, tena akiwa amekunywa.

Sasa, mwaka wa elfu mbili na tisa Daktari alitaka kuchapisha kitabu cha ukoo, akaomba kila nyumba itume nakala ya cheti cha kuzaliwa. Na mimi, mpumbavu nisiye na mfano, nikatuma. Sikufikiri hata dakika moja. Kwetu kila mtu anajua cheti kinasema hivi na mtu anaitwa vile. Ni kama kumwambia mtu mvua hulowesha.

Wiki tatu kabla ya mkutano, mwenye kuleta barua alisimamisha baiskeli uani akakuna kichwa.

"Mechthild, unamjua huyu? Skowranke? Nimezunguka kijiji kizima. Nairudisha?"

"Lete hapa," nikasema.

Barua ilikuwa ya kurasa mbili, na kila neno lilikuwa limepigwa pasi. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, wenye jina ni wale waliolipata kwa baba na kwa karatasi. Hivyo Bwana Skowranke hatakata paja, pini itaondolewa, na shamba litaandikwa kuwa halina mwenye jina. Kulikuwa na milango miwili imeachwa wazi. Mimi naweza kuandikwa kama uzao wa upande wa kike. Na Bwana Skowranke, akitaka, aiandikie serikali kuomba jina lake lifutwe apewe la Poggenstroot. Chama kitaunga mkono, naye atapokelewa kama mwanachama mwalikwa, bila haki ya kukata.

Niliitia jikoni, nikaitazama hadi ikawa majivu. Baba sikumwambia. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na asubuhi ile ile alikuwa akilibonyeza paja lake kwa kidole gumba, anatabasamu. Jina lile alipewa na watu waliokuwa wamemkataa, na sasa lingevuliwa mbele ya watu kama koti la wizi. Niliona hatauvuka mwaka.

Jioni Daktari alipiga simu.

"Bi Skowranke?"

"Umekosea namba," nikasema, nikakata.

Akapiga tena. "Mechthild, tafadhali. Mmenidanganya miaka kumi na minane."

"Nani kakudanganya? Ulimwuliza baba kama shamba kalipata kwa Heinrich, kasema ndiyo. Kalipata kwa nani mwingine, kwa sungura?"

"Niliuliza kama ni mtoto wa Heinrich!"

"Huku ni swali hilo hilo."

"Siyo swali hilo hilo!"

"Ukurasa wa ishirini wa rasimu ya kitabu chako mwenyewe umeandika mababu wanne walioingia kwa ndoa wakachukua jina. Hao mbona hujawafukuza?"

"Hao ni kabla ya sheria. Baada ya sheria, karatasi ndiyo jina."

"Na vyura nao walisoma hiyo sheria?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sina mtoto, Mechthild. Nikifa, upande wetu umekwisha. Nitaacha kitabu tu. Kikiwa na uongo ndani, nitakuwa nimeacha nini?"

Nilikaribia kumhurumia. Nilikaribia tu.

"Sikiliza we Burkhard. Ukichomoa ile pini mbele ya baba yangu, nitakuchomoa na wewe."

"Ni katiba ya chama," akasema, akaniaga kwa adabu zote.

Basi ikafika Jumamosi yenyewe, jua kali, nyasi zimekatwa. Kwa desturi yetu nyumba ikiwa na shughuli majirani ndio wanaohudumu, na meza, mabenchi na mapipa ya kahawa ni mali ya majirani wote, hutunzwa kwenye banda la Terhorst. Walivileta tangu alfajiri, nyumba sita, wanawake kwa wanaume. Waliandaa keki kumi na tisa. Walipofika wageni na magari yao, wakakumbatiana wakiitana binamu, binamu, mimi nilikuwa nazunguka na sinia. Nilikuwa nimejiambia hatathubutu, akimwona mzee na shati lake jeupe hatathubutu.

Alithubutu. Alisimama mbele ya ramani na kipaza sauti mkononi, waya wake umepita malishoni hadi kwenye soketi ya zizi letu. Baba alikuwa tayari kwenye meza kuu, paja mbele yake, kisu kimenolewa.

"Ndugu binamu," Daktari alisema. "Sayansi ya ukoo haina huruma, wala haitakiwi kuwa nayo. Imenibidi kufanya marekebisho." Akageuka, akaishika ile pini nyekundu, akaivuta. Ilikuwa imekaza. Aliitikisa mara mbili ndipo ikatoka.

Sasa lazima ujue kwamba kwenye chama hiki pini huchomolewa mtu akifa. Watu wakavua kofia.

Baba alitazama ubao, akatazama watu. "Nani kafa?" akauliza.

Daktari alikuwa anasoma kifungu cha nne. Alisema jina lile la karatasi kwenye kipaza sauti, akalisema vibaya, na nikaona uso wa baba kwanza hauelewi, kisha unaelewa. Akasema kwamba paja, mwaka huu, litakatwa na mzee kuliko wote wenye jina, binamu Dale kutoka Missouri, mwenye miaka sabini na tisa. Akanyoosha mkono kumwomba baba kisu.

"Nani kafa, Mechthild?" baba aliniuliza tena, polepole.

"Wewe, Baba!" Sinia lilinitoka mkononi, keki ikaenda na maji. "Umeuawa na cheti! Na aliyekipeleka cheti ni mimi! Na huyu hapa, huyu mng'oa meno, miaka kumi na minane kala paja lako, kalala kitandani kwako, kapiga picha na ng'ombe wako, leo humfai!"

"Ulijua?"

"Nilijua. Aliandika barua nikaichoma. Anataka uombe serikali ikufutie jina lako, ndipo akupokee kwa mlango wa nyuma."

Nilingoja aanguke. Nilikuwa nimeshaandaa mikono ya kumdaka. Baba alikifuta kisu kwenye kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Ungeniambia mapema," alisema, "nisingelitoa paja zuri hivi kwenye kamba." Kisha akalibeba begani. Kilo kumi na mbili, mzee wa miaka themanini na miwili. "Mechthild, chomoa waya."

Nilikimbia zizini nikauchomoa. Niliporudi Daktari alikuwa bado anasema kwenye kipaza sauti, lakini sasa alisikika yeye tu na kuku wawili.

Terhorst alikuwa amesimama na birika la kahawa. Ni mtu mzito, maneno yake hutoka yakihesabika. Alimsogelea Daktari.

"Bwana, nieleweshe kidogo. Shughuli hii ni ya nani?"

"Ya chama cha ukoo wa Poggenstroot."

"Poggenstroot yuko hapa?"

"Hapa shambani? Kwa mujibu wa karatasi, hapana. Ndilo ninalolieleza."

"Aa." Terhorst alilifikiria. "Meza hizi tulimletea Poggenstroot. Kama Poggenstroot hayupo, basi tumekosea nyumba." Akawageukia majirani. "Jamani! Tumekosea nyumba! Bebeni!"

Sijawahi kuona kazi ikifanyika haraka vile hata wakati wa kuvuna mvua ikija. Wake wa majirani walinyakua keki chini ya uma za watu. Bibi mmoja wa Dortmund alisema, "Samahani, sijamaliza," akajibiwa, "Maliza ukiwa njiani." Mabenchi yaliinuliwa na waliokalia wakasimama wenyewe, hawana hili wala lile, vikombe mkononi. Mapipa ya kahawa yalipanda kwenye mkokoteni. Mke wa Terhorst aliokota hadi vijiko nyasini. Msafara ukavuka daraja dogo la mfereji, baba mbele na paja lake, sisi nyuma, na malishoni wakabaki watu mia na ishirini wamesimama, na ramani.

Uani kwa Terhorst tukapanga upya. Mimi nilikuwa nusu nina hasira, nusu nacheka. Baba alilaza paja mezani, akafungua kisu.

"Poggenstroot," Terhorst akamwambia, "kata nene. Tumebeba vitu."

"We nyamaza, huna hata meno ya kutafunia nene."

"Ninayo manne. Na yule bwana asiyaone, ataniandikia kifungu."

Baba akakata. Vipande vilitoka sawasawa, ila hakuinua macho, nami nikajua kwamba vicheko hivi vyote havijafika kule ndani alikopigwa. Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikamsogezea mkate.

Wa kwanza kuvuka daraja alikuwa Dale wa Missouri. Alikuja na kiti chake mwenyewe. Kijerumani cha kitabu hakijui, anajua ile lugha ya bibi zetu tu, maana walioondoka na viazi vibovu waliondoka nayo hiyo. "Wamenipa kazi ya kukata," alisema. "Nikawaambia kisu si changu na paja si langu. Naweza kukaa?" Baba alimsogezea benchi kwa mguu. Baada yake wakaja wengine, kwanza wa kwetu wa baiskeli, wakiwa na aibu, kisha wa miji ya makaa ya mawe, kisha nikaacha kuangalia. Mkate mweusi uliisha mara mbili.

Daktari alibaki. Kutoka uani tulimwona malishoni peke yake, amekaa chini kando ya ubao, kompyuta yake ndogo magotini. Alikuwa anabonyeza, anatikisa kichwa, anabonyeza tena. Saa nzima ilipita hivyo. Kisha akainuka akaja.

"Anakuja," Terhorst alisema. "Nimtose mferejini?"

"Mwache apite," baba akasema.

Alisimama mwisho wa meza, kompyuta ameikumbatia kifuani. Alikuwa ameungua na jua hadi utosini. "Bwana Skowranke," alisema.

Niliruka na kisu cha mkate mkononi. "Litaje tena uone!"

"Kaa, Mechthild."

"Baba, amekuja kukutukana hapa hapa!"

"Nimesema kaa."

Nikakaa. Daktari hakunitazama hata. Alikuwa na macho ya mtu aliyekosa usingizi. "Nimelitafuta jina lenu," alisema. "Humu nina kitabu cha simu cha nchi nzima, namba milioni thelathini. Nilitaka kuona mko wangapi na mmeenea wapi. Ni mazoea yangu, siwezi kujizuia. Halimo. Nimelitafuta kwa herufi hii na ile, nimetafuta Poland, nimetafuta Austria, nimetafuta Amerika. Halimo hata mara moja."

"Lingekuwemoje?" nikasema. "Sisi tumo kwa jina la shamba."

"Ndiyo maana yake. Basi ni ninyi wawili. Wengine hawapo." Aliigonga kompyuta kwa kidole. "Miaka thelathini natafuta majina adimu, Bwana Skowranke. Poggenstroot tuko mia mbili na mmoja. Ninyi mko wawili duniani, na mimi leo nimewafuta kwenye orodha."

Hata mimi sikujua. Miaka hamsini na sita nilikuwa nalikimbia jina hilo, sikuwahi kuuliza ni nani mwingine analo.

"Tulikuwa nyumba tatu," baba alisema. Alizungumza akilitazama paja. "Kijiji kile kile, barabara ile ile, chini ya kinu. Baba na baba wadogo wote walibaki vitani. Mama alitoka na mimi. Alifia ndani ya behewa siku ya nne. Walisimamisha treni, wakamteremsha, wakamfukia kando ya reli, mimi nikasukumwa ndani tena. Palikuwa na theluji. Sijui ni wapi. Nimepapeleleza miaka mingi sipajui. Hana jiwe, hana msalaba. Kilichobaki cha kwake ni hilo jina."

"Hukuniambia, Baba," nikasema.

"Ulikuwa hulipendi."

Kilichonipata hapo sitakieleza. Nilitazama meza tu.

Daktari aliweka kompyuta chini. "Sikujua," alisema. "Nilikuomba ulifute. Sikujua. Naweza kurekebisha. Nina pini za rangi nyingine, naweza kuweka..."

"Usinichomeke popote." Baba alisimama. Kisu alikiacha mezani, kofia akaivua. "Mimi si wa kuchomekwa. Wewe sikiliza, maana nitasema mara moja. Mimi ni Poggenstroot kwa sababu hawa wananiita hivyo, na siku wakiacha nitakuwa nimekufa, si kabla. Nimelichimba hilo jina kwa koleo, wewe umelikuta tayari. Na mimi ni Skowranke kwa sababu mama yangu hana jiwe. Sitoi hata moja. Sikuombi wewe, siiombi serikali, siombi mtu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa litamke tena."

"Skowranke," Daktari alisema, kwa sauti ndogo.

"Hivyo ulivyolitamka kule kwenye chuma chako ulilivunja. Litamke sawasawa."

"Skowranke."

"Kwa nguvu. Wa nyuma hawajasikia. Miaka sitini na tatu halijatamkwa nje ya ofisi. Mama yangu hajasikia."

Yule mzee wa Düsseldorf alijinyoosha, mikono ubavuni, machozi yanamtiririka kwenye uso ulioungua, akapaza sauti iliyofika hadi ng'ambo ya mfereji: "Alwin Skowranke!"

"Nipo," baba akaitika.

Kisha akanitazama, na Daktari naye akanigeukia, akavuta pumzi. "Mechthild Skowranke!"

Nilisimama. Majirani walionijua tangu nabebwa mgongoni walikuwa wananitazama, na wote hao kesho asubuhi wangeniita kama walivyoniita siku zote.

"Nipo," nikasema.